Picha Kubwa ya Mtu Aliye Hai

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Alhamisi, nilitoa turubai nje ya kibanda changu cha uchoraji na kulisimamisha ukutani, upande usiopigwa na jua. Saa naikumbuka kwa sababu nina daftari ninaloandika muda wa kila tabaka la rangi. Sikusoma shule ya uchoraji. Nilijifunza kwa kukosea, na makosa nisipoyaandika nayarudia.

Sura ilikuwa imeshakauka. Sehemu ya chini ilikuwa bado mbichi, na hapa mtaani kwetu Sombetini wakati wa kiangazi vumbi halina adabu. Nikafunga kitambaa cheupe kuanzia kifuani kwenda chini, nikakiachia nafasi ya vidole vitatu kisiguse rangi, kisha nikaingia ndani kuosha brashi.

Niliyemchora tulifahamiana zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwenye shamba la maua, Usa River, tukiwa wasichana, tukipanga waridi kwa urefu katika chumba cha baridi. Mimi niliondoka nikaanza kuandika mabango ya maduka. Yeye aliondoka mwaka alioachiwa mtoto peke yake, na baada ya kazi mbili tatu zisizolipa aliishia kwenye gesti moja ya huku kwetu, ambako wanawake sita wana vyumba vya uani na wanaume huingia kwa mlango wa nyuma. Binti yake anasoma chuo, Makumira. Alichojua ni kwamba mama yake anafua mashuka ya lodge.

Wazo la picha lilikuwa langu. Ukumbi mmoja mjini ulikuwa unakusanya kazi za wachoraji kuhusu wanawake, na mimi nilitaka kuchora jambo ninalolipita kila siku nikienda dukani kama vile silioni. Nilimchora amekaa kwenye kigoda, amevaa gauni lake la bluu la kanisani, mikono magotini, anatutazama. Sakafuni mbele yake nilipanga jozi tisa za viatu vya wanaume: mabuti ya shamba yenye tope, makubadhi ya matairi, raba za mwendesha bodaboda, viatu vyeusi vya ofisini vilivyong'arishwa. Wanaume wenyewe hawamo. Katika picha nzima mwenye sura ni mmoja.

Nilimwambia naweza kumgeuza atazame dirishani, asijulikane.

"Nigeuke kwa nini?" aliniuliza. "Mimi si nimekaa? Wenye viatu ndio wamekimbia." Kisha akashusha sauti. "Ila mwanangu asiione kabla sijamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe. Akisikia kwa watu nitakuwa nimempoteza. Hilo ukiniharibia, mwenzangu, sitakusamehe."

Nilimuahidi. Na nikamharibia kwa kile kitambaa.

Kinachonilisha mimi, zaidi ya mabango, ni picha za msiba. Watu huniletea kitambulisho cha zamani kilichofifia, ambacho mashine ikikikuza inatoa ukungu tu. Nachora miraba juu yake, naihamisha sura mraba kwa mraba hadi iwe kubwa, na siku ya mazishi picha hutangulia mbele ya jeneza ikiwa imefungwa kitambaa cheupe kwa chini. Mtaa mzima unajua kazi yangu. Mimi niliyefunga vitambaa hivyo kwa miaka kumi na tisa ndiye niliyekuwa wa mwisho kuona nilichokiweka nje.

Saa tano haijafika, wanawake watatu wa gesti waliingia, khanga vichwani, mmoja analia bila sauti. Mkubwa wao alinijia juu.

"Fundi! Mwenzetu amekufa na wewe umekaa unaosha brashi?"

"Nani amekufa?"

"Huyo uliyemuanika hapo nje ni nani? Ni mimi?"

Nilicheka, nikawaudhi zaidi. Nikasema yu hai, hii si picha ya msiba.

"Mbona simu yake haipatikani? Mbona nyumbani kwake hayupo tangu alfajiri? Majirani wameshatandika mikeka, sufuria liko motoni, wewe unatuambia yu hai!"

Ili kuwathibitishia, nilitoka nikafungua kitambaa. "Mmeona wapi picha ya marehemu yenye viatu vya wanaume?"

Yule aliyekuwa analia aliinama karibu na vile vyeusi. "Hivi navijua," akasema. "Mwenyewe huwa anadai chenji." Wakacheka wote watatu, machozi yakiwa bado usoni. Kisha mkubwa wao akajishika kichwa.

"Yesu wangu. Binti yake nimeshampigia, nimemwambia aje hapa kwako."

Nilimpigia binti mara nne. Hakupokea. Nilikuwa bado na simu sikioni bodaboda ilipofunga breki mbele yetu, saa tano na dakika hamsini, naye akashuka bila hata kuvua kofia ngumu. Picha ilikuwa wazi kabisa, jozi zote tisa za viatu.

"Mama yako yu hai," nilisema kabla ya salamu. "Ni kosa langu. Yu hai."

Aliketi chini palepale. Alipoweza kusema, alisema, "Shikamoo, mama mdogo." Macho yake yalikuwa sakafuni mwa ile picha. "Hivi viatu ni vya nani?"

"Hilo atakujibu yeye, mwanangu. Mimi nimeshaonyesha mengi kuliko nilivyoahidi."

Wanawake wale watatu walitazama pembeni. Binti alivua kofia, akaipakata, akangoja.

Mama yake alifika saa saba kasoro, anahema. Kumbe alfajiri alikwenda Makumira kumwambia binti habari yenyewe. Alikaa kwenye benchi la kanisa la pale asubuhi nzima akipanga maneno, simu imeisha chaji. Alipojikaza akaenda hosteli, mlinzi alimwambia kwa huruma, "Huyo binti ameondoka, amefiwa na mama yake." Akamjibu, "Mama yake ni mimi," na yule mlinzi akarudi nyuma hatua mbili.

Alimwona binti, akaiona picha, akaniona mimi. Sikuweza kumtazama.

"Nilitaka nikuambie mimi," alisema.

"Basi niambie," binti alijibu. "Sijaondoka."

Waliingia kibandani. Sisi tulibaki nje, na mkubwa wa wale wanawake akaanza kuzungumza kwa sauti juu ya bei ya mchele ili tusisikie. Sentensi moja tu ilitufikia, ya binti: "Na ada pia?" Nilipoingia kuchukua maji, binti alikuwa ameishika simu ya mama yake iliyozima, anatafuta soketi ya kuichaji, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshikwa na mama kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara.

"Mama mdogo," alisema bila kugeuka, "picha iende ukumbini. Mama amesema iende na sura yake."

Mama yake hakunisamehe siku ile. Alinisamehe baadaye, kidogo kidogo, na sikumharakisha.

Alasiri tulikwenda wote nyumbani kwake. Chakula cha msiba kilikuwa kimeiva, wali na maharage ya watu arobaini, na hakuna aliyekubali kimwagwe. Wanawake wote sita wa gesti walikaa mikekani pamoja na majirani, wakila, wakimtania aliyefufuka, na giza lilipoingia hakuna aliyenyanyuka kwenda kazini. Mwenye gesti huwatoza elfu saba kila mmoja kwa siku, wapate mtu wasipate. Asubuhi alipokuja kudai, walimjibu kwa pamoja kwamba walikuwa msibani. Ni mtu mgumu, lakini hata yeye hawezi kusimama mbele ya watu akamtoza mtu aliyekuwa msibani. Aligeuka akaondoka bila shilingi elfu arobaini na mbili.