Gitaa la Baba Akinyi Lilipotoa Povu

Mimi ni fundi wa gitaa hapa Laini Saba, na nawaambia hii kabla hamjaisikia kutoka kwa watu wa Gatina, kule Kawangware. Baba Akinyi, mpigaji gitaa wa kanisa letu la huko huko, aliniletea gitaa lake kuukuu. Plastiki ya ukingo wa shingo ilikuwa imesinyaa kwa uzee, ikaacha mianya midogo kwenye ncha za vile vyuma vya kubonyezea nyuzi. Uzi mwembamba ulikuwa unanasa humo katikati ya wimbo.

Gundi ya kazi hiyo ilikuwa imeniishia. Nikajaza mianya na sabuni ya kipande, ile ya njano kama hiyo plastiki kuukuu, ili tu nione rangi itakaa vipi. Ilikaa vizuri ajabu. Kabla sijaitoa, mwenyewe akaingia, akajaribu, na uzi haukunasa.

"Fundi, umeweka nini hapa?"

"Hiyo ni siri ya kazi," nikasema, kwa sababu nilipenda vile alivyonitazama.

Jumapili pasta alinisimamisha ili watu wamwone fundi. Sikuharakisha kukaa. Baba Akinyi akaanza pambio la mbio, na yeye hutoka jasho kama mtu anayelima. Punde vidole vikaanza kuteleza. Povu jeupe lilikuwa linashuka kwenye shingo ya gitaa hadi kwenye mkono wa shati lake.

Aliacha kupiga, akanusa vidole polepole, kisha akanitafuta kwa macho. Nilikuwa bado nimesimama.

"Fundi," akasema kwenye maikrofoni, "hii siri yako ya kazi inatoa madoa pia?"