Wanaobaki Kambini

Niliporudi kwetu Matinyani baada ya ndoa kuvunjika, kaka yangu anayefanya kazi Malili aliniachia laptopu yake yenye gemu moja. Sikuwa mtu wa gemu. Lakini ukiifungua, mambo ya hapa yananyamaza, na mimi nilitaka yanyamaze.

Katika gemu hiyo unaongoza kikundi kinachokwenda kuua joka. Njiani unakusanya wenzako: mwenye ngao, mpiga mishale, mwizi, mchawi, na mganga mmoja, mwanamke mzee asiyecheka. Unaruhusiwa kutembea na watatu tu. Wengine wanabaki kambini wakiota moto, hawajifunzi kitu wala hawaongezeki nguvu.

Mimi nimelelewa na mwethya. Huku kwetu akina mama huungana, leo wakachimba mitaro ya kuzuia maji shambani kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna anayerukwa. Basi na wale wa gemu nikawapeleka kwa zamu, hata yule mchawi aliyekuwa akijichoma mwenyewe. Matokeo yake wote wakawa dhaifu sawasawa. Mbwa mwitu walitumaliza, joka hata hatukuliona.

Nikampigia kaka.

"Sister, hao si watu wa mwethya," akacheka. "Chukua watatu strong, hao wengine wacha wakae camp. Kwani wanafeel kitu?"

"Hata mimi sifeel kitu."

Akaacha kucheka, akaniuliza kama nimekula.

Nilimsikiliza, nikamwacha mganga kambini, na kweli tukaanza kushinda. Siku moja nikarudi nikamkuta amefunga mzigo. Alisema haoni kazi yake hapa. Nikapewa majibu matatu ya kuchagua. Nikachagua la kumsihi, akaondoka vilevile. Nilikaa nikitazama nafasi yake pale motoni. Huzuni sikuiona. Ilikuwa kama kubonyeza jino lililodungwa sindano ya ganzi.

Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa mwethya akaja nyumbani, akakataa kuketi. Mvua ilikuwa inakaribia na shamba letu lilikuwa halijachimbwa, na anayefutwa kwenye kikundi hachimbiwi. Goti la mama ni bovu, kwa hiyo mtu wa kwenda kutoka nyumba yetu nilikuwa mimi. Tangu nirudi sikuwa nimeonekana hata mara moja.

"Kesho tuko hapo kwa jirani," akaniambia. "Sasa wewe, tukuhesabu ama tukuache?"

Nikageuka kumtazama mama.

"Mhesabu," mama akasema.

Asubuhi nilimwona mama kupitia dirishani akiteremka njiani, anachechemea, majembe mawili begani. Hakuwa ameniita. Nikajiambia nitamfuata nikimaliza chai. Chai ikapoa. Hata laptopu sikuifungua, nilikaa tu. Niliingoja aibu inisukume, nayo haikuja.

Alirudi alasiri, udongo mwekundu umempanda hadi magotini. Akayaegemeza majembe ukutani, lake chafu, langu safi vile lilivyotoka.

"Wamesemaje?" nikauliza.

"Nimechimba kipande chako," akasema. "Wamekuhesabu."

Akaenda kutafuta maji ya kuosha miguu.