Akisoma Neno Mojamoja

Miaka ile ya sabini, nilipotoka chuo cha ualimu, nilipangiwa shule ya msingi Mwanjelwa. Kwetu ni Igowole, nako ni kwenye baridi. Nilidhani baridi naijua, lakini darasa lile lilikuwa na madirisha yasiyo na vioo, na upepo wa Mbeya uliingia kama mwenye nyumba.

Wanafunzi wangu wengi hawakuwa na mahali pa kufanyia kazi za shule. Walilala chumba kimoja na wazazi na wadogo zao. Katika nyumba nyingine ilipikwa pombe ya komoni, na walevi ndio waliokalia viti. Mafuta ya taa yalikuwa ya kutafuta. Basi nikamwomba mwalimu mkuu aniachie darasa baada ya masomo. Nikawa nabaki nao kila siku, tunafanya hesabu na kusoma, mpaka giza litufukuze.

Mvua zilikuwa zimekataa na tulikuwa tunakula unga wa njano wa msaada. Watoto walikuja wamekauka midomo. Niligundua kwamba mtoto mwenye njaa hafundishiki, nikaanza kuwapikia uji mwepesi nje ya darasa. Walikunywa kimya, kisha wakaingia.

Kati yao alikuwepo msichana wa darasa la saba. Baba yake alikuwa Msukuma, mfugaji, aliyehama kutoka kaskazini na ng'ombe wake akaweka boma tambarare za Usangu. Binti alikuwa akiishi kwa shangazi yake, jirani na soko. Alikuwa mrefu, mwenye aibu, na kila alipopita katikati ya madawati aligonga kitu. Alipokuwa anasoma aligeuza kichwa chote kufuata mstari, kama kuku anayechungulia punje. Wenzake walimcheka. Mwalimu wake wa darasa alimchapa kwa sababu mwandiko wake ulipanda juu ya mistari. Lakini ukimuuliza hesabu kwa mdomo, jibu lilitoka kabla hujamaliza kuuliza.

Jioni moja nilimkalisha benchi la mbele, nikaandika sentensi ubaoni.

"Soma."

"Mkulima," akasema. Akageuza shingo. "Analima." Akageuza tena. "Shamba."

"Kwa nini husomi yote pamoja?"

"Mwalimu, naona neno mojamoja. Pembeni kuna giza." Alisema kama vile watu wote tunaona hivyo. "Zamani nilikuwa naona maneno mengi."

Nilimweleza shangazi yake. Yeye alikuwa akiuza ndizi, na alifikiri mtoto ni mzembe tu, kwa kuwa kila siku alimwaga maji njiani. Aliposikia alijishika kichwa. "Mpeleke, Mwalimu. Mimi sijui pa kumpeleka."

Tulisikia kwamba Iringa amekuja daktari wa macho. Tukapanda basi, tukaenda. Daktari alimchunguza muda mrefu, akamwomba atoke nje, kisha akaniambia, "Ni presha ya macho. Mshipa unaopeleka mwanga unakufa. Kilichokwisha kufa hakirudi."

"Na kilichobaki?"

"Angeletwa mapema zaidi, tungejaribu. Nitakupa matone. Yataichelewesha kidogo."

Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani, amekiweka kichupa cha dawa mapajani. Tulipita mashamba, tukapita Mafinga. Halafu akaniuliza:

"Mwalimu, nitaona mpaka mtihani?"

Hakuuliza kama atapona. Nadhani alikuwa amejua siku nyingi. Nikamwambia ataona. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Tangu siku hiyo masomo ya jioni yakabadilika. Niliwaambia watoto wengine ukweli, na hakuna aliyecheka tena. Walimsomea kwa zamu, historia, siasa, kilimo, naye alisikiliza amefumba macho ili kuyapumzisha. Alishika kila kitu. Matone yalipokwisha nilizunguka Mbeya yote kuyatafuta, hospitalini na madukani, sikupata. Wiki hadi wiki tundu lake la kuonea lilizidi kuwa dogo. Ikafika akawa haoni neno, anaona herufi.

Nikaenda ofisi ya elimu. Afisa aliyenipokea hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti.

"Naomba asomewe maswali," nikasema. "Majibu atayasema mwenyewe."

"Mtihani ni siri, Mwalimu. Asomewe na nani? Na wewe?"

"Na yeyote mtakayemchagua."

"Na kesho shule nyingine ikileta wa kwao?" Akatikisa kichwa. "Sheria hainipi nafasi hiyo."

"Basi apelekwe shule ya wasioona."

"Iko mbali, imejaa, na wanaanza na watoto wadogo. Huyu wako ameshakuwa mkubwa."

Nilisihi mpaka nikaona haya. Nilipotoka nje nilisimama kwenye ngazi za ofisi ile nikalia, na watu wakanipita wakidhani nimefiwa.

Siku ya mtihani walimu wa shule hatukuruhusiwa kukaribia. Wasimamizi walitoka shule nyingine. Nilisimama mbali, kwenye mikaratusi, nikiutazama mlango. Watoto walitoka wakirukaruka. Yeye alitoka mwisho, ananyoosha mkono kutafuta ukuta.

"Nilifika katikati, Mwalimu," akasema. "Halafu mistari ikapotea. Nikawa naandika tu, sijui naandika wapi." Baadaye msimamizi mmoja alinieleza kwamba majibu yalipandana, moja juu ya jingine, na hakuna ambaye angeweza kuyasoma.

Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Katika watoto wangu wa jioni hakuchaguliwa hata mmoja, lakini yeye ndiye tuliyekuwa tumemtegemea wote.

Baba yake alikuja kumchukua. Alikuwa mzee mwembamba, amejifunga blanketi, viatu vyake vya matairi vimejaa vumbi la Usangu. Nilimwamkia. Aliitikia, akamtazama binti yake akipapasa meza.

"Nilimleta mjini afunguke macho," akasema.

Nilianza kumweleza habari za daktari, akanizuia kwa mkono, si kwa ukali.

"Nimesikia kwa dada yangu. Umehangaika, Mwalimu. Lakini huku nani atamshika mkono? Kule ana dada zake."

Lori lililokuwa likielekea Rujewa, upande wa Usangu, lilikuwa linasubiri sokoni. Binti alifika mpaka kwenye tairi, akanishika mkono wa gauni, akakataa kupanda. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile.

"Nikifika kule nitakuwa kipofu," akasema. "Hapa bado mimi ni mwanafunzi. Mwalimu, mwambie baba."

Nilimwambia baba. Nilisema anaweza kukaa kwangu. Lakini nilikuwa ninaishi chumba kimoja, na mchana kutwa niko darasani, na mzee aliniuliza swali moja tu: "Ukihamishwa?" Alimbandua vidole polepole, kimoja kimoja, akamwinua kama mtoto mdogo.

Jioni za baadaye benchi zilipungua watu. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe akamsaidie sokoni alisema wazi: "Kama yule hakuchaguliwa, wangu ndiye atachaguliwa?" Nilipika uji, ukabaki. Baada ya muda mwalimu mkuu aliomba funguo za darasa, nikampa.

Likizo ilipofika nilikwenda Usangu. Nilishuka barabarani, nikatembea na jua mpaka mahali nilipoelekezwa. Nilikuta ua wa miiba uliobomoka na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Mwanamke wa Kisangu aliyekuwa akichota maji jirani aliniambia wamehama, wamefuata malisho, na hakujua ni upande gani.

"Walikuwa na binti mrefu," nikasema. "Macho yake..."

"Yule wa kushikwa mkono? Alikuwepo. Walimpandisha punda wakati wa kuondoka."

"Alikuwa bado anaona?"

Akafikiri, ndoo ikiwa kichwani. "Hapana, mama. Sidhani."

Nikamshukuru, nikarudi barabarani kusubiri gari la Mbeya.