Habari Aliyoileta Kulpash Juu ya Ngamia

Kulpash alikuwa na miaka sitini na ulimi wa watu watatu. Mwaka ule, theluji ikiwa bado haijaisha nyikani, jambo moja tu lilimnyima usingizi: kisima cha Aksuat. Mkurugenzi wa shamba la serikali alikuwa ametangaza kwamba wiki ijayo atakitoa kwa kundi moja, ama ngamia wa Kulpash, ama kondoo wa shemeji yake Sadwakas. Atakayekosa ahamie bondeni kwenye maji ya chumvi.

Asubuhi moja wawili hao walikuwa hapo kisimani wakitukanana vizuri tu, mara mbingu ikapiga mshindo, ngamia wote wakapiga magoti. Mpira wa chuma uliobabuka kwa moto ukashuka, umening'inia kwenye kitambaa cha rangi ya machungwa ambacho kingetosha kushonea suruali wanaume wa wilaya nzima. Ukatua nyuma ya kilima.

"Ndiye yule mtu wa angani anayetajwa redioni!" Sadwakas akarukia farasi. "Jenerali yuko ofisini kwa mkurugenzi, anamngoja. Suyinshi ni yangu, shemeji! Anza kukunja hema!"

Kwao mleta habari njema hupaza sauti, "Suyinshi!" kabla hajafungua mdomo kwa lingine, na anayeletewa humpa chochote atakachotaka. Anayekataa hubaki na aibu mpaka kaburini.

Kulpash alitamani kumfuata mbio. Lakini mgeni kaanguka uani kwake, atamwachaje na kiu? Akapanda kilima. Kijana wa Kirusi alikuwa ameketi kwenye theluji, mweupe kama unga, miguu haimtii. Kulpash akammiminia maziwa ya ngamia.

"Kunywa, mwanangu. Kwani huko juu hawapiki?"

Kijana hakuelewa neno, ila bakuli alilielewa. Kufikia la tisa akacheka na mashavu yakawa mekundu. Kulpash akamvika koti lake la manyoya, akapanda ngamia.

Alipofika ofisini, Sadwakas alikuwa amesimama mbele ya jenerali, kofia mkononi.

"Nakuuliza tena, yu hai?"

"Mimi... mpira niliuona, mheshimiwa."

"Mpira! Nani kakuuliza mpira?"

Kulpash akachomoza kichwa mlangoni, na cha ngamia juu ya chake. "Suyinshi!"

"Mama, sema upesi!" mkurugenzi akalia.

"Niseme nini na wewe hujaahidi? Hukulelewa?"

Jenerali alikuwa akitoka jasho la kunywesha farasi. "Mama huyu anataka nini?"

"Kisima cha Aksuat," Kulpash akadakia.

"Mpe!"

"Lakini mheshimiwa, mpango wa shamba..."

"Mpe kisima! Akitaka mpe na ziwa!"

"Haya, mama, ni chako," mkurugenzi akasema.

"Yu hai," Kulpash akasema taratibu, akilionja kila neno. "Yuko nyuma ya kilima cha Aksuat. Kamaliza mabakuli tisa, na akiendelea kukaa atamaliza ngamia mwenyewe."

Jenerali akamkumbatia hata miguu ikaacha ardhi. Watu waliokuwapo huapa kwamba Kulpash alikaa hewani muda mrefu kuliko yule kijana.

Kesho yake Sadwakas akaja kisimani na kondoo wake, macho chini.

"Shemeji, undugu ni undugu..."

"Watakunywa, shemeji, nani kasema hawatakunywa? Ila baada ya ngamia wangu. Na kamba ya ndoo utavuta wewe."

Akavuta. Watu walitoka mbali kwa farasi kuja kumtazama.