Jino la Kupimia Mpunga

Pale kwenye mashine ya kukoboa, Misunkumilo, Eufrazia hakununua mpunga kwa macho. Alichukua punje, akaitia kwenye magego ya kushoto, akang'ata. Ikilia ka! amenunua. Ikibonyea, mwenye gunia arudi kuanika, maana mpunga mbichi ukikobolewa unavunjika, unatoka chenga tupu. Watoto wake walisomeshwa na gego hilo, baba yao alipokwenda kulima Sibwesa akanogewa na mke wa huko.

Mwaka huu ufizi ukavimba, damu ikaanza kutoka, gego likawa linacheza. Eufrazia hakuuliza ni nini. Aliuliza ni nani. Na jibu alikuwa nalo: wifi yake Fausta, jirani yake hapo Shanwe, aliyezoea kumletea miswaki ya mti.

"Dada wa mume hakupi kitu bure," aliwatangazia wenzake kwenye jumuiya, Fausta akiwa hayupo.

Miswaki akaitupa chooni. Hata mswaki wa dukani akauacha, kwa kuwa kila akisugua anatema damu. Akaona heri mdomo upumzike. Mdomo ukazidi kunuka.

Akaenda hospitali. "Nipime sumu," alimwambia Dorice, mganga wa meno.

Dorice akachungulia kwa kioo kidogo. "Sumu hakuna, mama. Kuna uchafu chini ya ufizi, umekaa mpaka umekuwa jiwe. Mwili umetuma askari wake waje kuufukuza. Uchafu hauondoki, nao hawaondoki. Wengine wanafika wachanga, wanakomaa humohumo kwenye vurugu, wanakuwa wakali kupita kiasi. Wakishakuwa hivyo wanapiga ovyo, hadi mfupa unaoshika jino unaliwa."

"Yaani askari wangu ndio wananila mimi?"

"Ndiyo."

Eufrazia akamtazama kwa jicho la pembeni. "Wewe unamjua Fausta?"

"Fausta gani?"

"Enhe! Ndivyo wanavyojibu wanaomjua."

Dorice akacheka, akaanza kukwangua. Alipomaliza akasema kwa ukali: mswaki kila siku, damu itoke isitoke. Mfupa ulioliwa haurudi, ila gego laweza kushika likitunzwa. "Ukiling'atia mpunga tena, utalitemea hukohuko mashineni."

Wiki haikuisha, mkulima Hezron akashusha magunia yake.

"Mama, ng'ata basi, foleni yangu inafika!"

Aking'ata, gego linakwenda. Akinunua bila kung'ata, anakwenda sokoni na chenga. Wanaume wa mashine aliwajua, kila mmoja ana ndugu yake kati ya wenye magunia, hawezi kumwambia kweli. Alizungusha macho kote, akakosa wa kumwamini. Akatuma aitwe Fausta, mwenye meno yake mazima ya miswaki ya mti.

Fausta, aliyekwisha kusikia yaliyosemwa kwenye jumuiya, alikuja amejishika kiuno. "Jamani, leo mchawi kaitwa kazini?"

Watu wakaangua kicheko. Eufrazia hakucheka. Alimpa punje, akasogea karibu, akamkodolea macho mdomoni.

Fausta aling'ata, akatema. "Mbichi."

"Mwongo huyo!" Hezron akaruka. "Nimeanika mpaka ngozi imeniungua!"

"Ng'ata nyingine," Eufrazia alisema. "Polepole. Nisikie."

"Wifi, nikufungulie na koo uchungulie?"

Lakini aling'ata. Haikulia ka. Ilibonyea, na Eufrazia aliisikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Hezron, kaanike."

Kisha akamgeukia wifi yake, uso bado umekunjwa. "Kesho uwahi. Na ukae upande huu, nikuone unavyong'ata."