Faili za Watoto wa Atrato
Nereida, muuguzi wa chanjo, alirudi mjini Quibdó, Kolombia, amefura kwa hasira. Wilmar, fundi wa kompyuta ofisini, alikuwa amemwapia kwamba faili za watoto zingefunguka hata pasipo mtandao. Baada ya siku mbili za mtumbwi katika mto Atrato hadi vijijini kusiko na mtandao, haikufunguka hata moja. Hakujua nani kapata dozi gani, akina mama wakarudi nyumbani na watoto wao hivyohivyo, bila chanjo.

“Kwenye laptopu yako yalishuka majina ya faili tu, dada,” Wilmar akajitetea. “Yaliyomo yalibaki kwenye seva.”

“Basi nenda wewe ukayachanje hayo majina.”

Nereida akamkalisha palepale mpaka nakala zote zikaingia kwenye laptopu. Kisha akazima mtandao mwenyewe, akafungua faili moja moja, Wilmar akitazama. Zote zilifunguka. Hakumshukuru.