Bega la Mchonga Mawe

Miaka ya tisini, nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea pale mtaani Laini Saba, tulikuwa na mahali pa kupiga tizi, yaani mazoezi ya kuinua vyuma. Vyuma vyetu vilikuwa mabomba ya maji yenye mikebe ya rangi iliyojazwa saruji huku na huku. Kizito kuliko vyote tulikiita Landilodi. Mimi ndiye niliyefundisha. Nasema kufundisha, lakini sikusomea chochote. Nilikuwa nimekaa pale muda mrefu kuliko wengine, basi.

Desturi ilikuwa mgeni aanze na Landilodi mbele ya watu, ndipo apewe chuma kidogo.

Jirani yangu alikuwa mchonga mawe huko mjengo wa Kawangware. Alilalamika mgongo unamkaza, nami nikamwambia dawa ni tizi. Akaja jioni moja akitoka kazini, vumbi la mawe bado kwenye nyusi.

"Niaje, fundi," nikamwambia. "Chuma ndio hiyo."

"Leo nimegonga nyundo tangu asubuhi, mkono umechoka. Siwezi anza na hii kidogo?"

Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Huyo amezoea kubeba kijiko ya uji."

Ningeweza kusema sawa, anza na hiyo. Badala yake nikasema, "Hiyo ni ya watoto, buda. Mwili hujengeka kwa uchungu."

Akainua Landilodi mara moja. Mara ya pili akasema bega linamchoma kama msumari. Nikamwambia amalizie. Chuma kikaanguka, na mkono wake wa kulia ukabaki ukining'inia.

Niseme haki: hakuna aliyemlazimisha, na si mimi peke yangu niliyecheka. Lakini ruhusa aliiomba kwangu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwona. Mkono ulikuwa umefungwa kwa leso ya mke wake, na kazini alikuwa hajarudi. Hakujua kama angeshika nyundo tena. Hakunigombeza. Alinieleza aliyoambiwa kliniki, polepole, kana kwamba ni mimi mgonjwa: kwamba nyama iliyofanya kazi kutwa huwa imechoka tayari, na hupata nguvu mtu akila na kulala, kwamba mwili hupashwa joto kwanza, uzito huongezwa kidogo kidogo, na siku ya kupumzika ni sehemu ya mazoezi. Uchungu wa kukaza kesho yake si neno, lakini ukisikia ule wa kudunga kwenye kiungo, acha hapo hapo.

Nilisikiliza kama mtu anayesikia mara ya kwanza. Kumbe nilikuwa nimeyaishi. Nilipoanza nilikuwa nimetoka kuugua malaria, na aliyetufundisha wakati huo akanihurumia. Miezi miwili niliinua bomba tupu, leo nainua, kesho napumzika. Landilodi sikuigusa mpaka nilipokuwa tayari.

Mke wake akaniletea chai. Jirani akaniuliza, "Na wewe ulianzaje, ndugu yangu?"

"Kama wewe tu," nikasema. "Na Landilodi."

Akaliangalia bega lake. "Basi mwili wangu ndio mnyonge."

Ningeweza kumwambia habari za bomba tupu. Nikapuliza chai, ingawa haikuwa moto, nikainywa yote, nikaaga.